Nyota za Mguu wa Kushoto

Tepu ilituishia jioni, zikiwa zimebaki nyota chache tu za kufunga.

"Sista, chukua boda ukimbie Roret kabla maduka hayajafungwa," Jackton aliniambia. "Mvua ikinyesha na hizi waya ziko wazi, tumekwisha."

Nikaenda. Jackton ni mtoto wa mjomba wangu. Tulilelewa pamoja katika nyumba za wafanyakazi wa majani chai karibu na mji wa Kericho, na sasa tunafanya kazi pamoja. Mimi ni fundi wa stima, yeye ni wa sauti na kompyuta. Harusi, krusedi za makanisa, mazishi ya watu wakubwa, tumefunga taa na spika kote Kericho na Bomet. Lakini kazi ya Desemba hiyo haikufanana na nyingine yoyote.

Mwenye kazi aliitwa Mzee Robert. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, na alikuwa amejenga nyumba ya wageni juu ya kilima, katikati ya michai yake. Alitaka watoto wa eneo lile waone Krismasi ambayo hawajawahi kuona. Kutoka veranda ya nyumba ile kuna njia inayoteremka katikati ya michai mpaka kijito cha chini, mahali palipobaki msitu mdogo wa miti ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuikata. Kando ya njia hiyo, huku na huku, tulisimamisha nyota za taa juu ya fito. Chini ya kila nyota tulilaza kikanyagio cha mpira. Ukikikanyaga, nyota yake inawaka na spika inatoa sauti moja tu. Vikanyagio vya mguu wa kushoto vilikuwa na sauti nzito. Vya kulia, sauti nyembamba. Ukipanda kutoka mtoni kwa hatua zako za kawaida, kushoto, kulia, kushoto, kulia, miguu yako inaimba wimbo wa Krismasi ambao hata mtoto wa nasari anaujua.

Siku Mzee Robert alipojaribu mara ya kwanza, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akarudi chini, akapanda tena.

Taa zote zilikuwa nyeupe na buluu. Nyekundu aliikataa katakata. "Nyekundu ni ya baa," alisema. "Hapa wanakuja watoto wa Sunday school."

Walikuwa waje kesho yake.

Basi nikapata tepu, nikarudi. Mwenye boda aliniacha barabara ya chini, karibu na kijito, akisema ule mlima una utelezi na yeye ana watoto. Jua lilikuwa limeshazama. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka majini, ukipenya kwenye michai polepole. Nilivuka daraja la mbao nikaanza kutafuta mwanzo wa njia.

Ndipo niliposikia.

*Duu.*

Sauti nzito. Nyota moja ikawaka mbele yangu, buluu, kisha ikafifia.

Kimya kidogo.

*Duu.*

Nyota nyingine, juu zaidi. Nikasimama kutazama. Nilijua Jackton anajaribu mitambo, ila kulikuwa na kitu ambacho sikukielewa. Nyota za upande wa kulia hazikuwaka hata moja. Za kushoto tu. Moja inawaka, moja inarukwa. Moja inawaka, moja inarukwa. Wimbo wetu ulikuwa unatoka nusu, kama mtu anayesoma sentensi huku ameficha kila neno la pili.

"Jackton!" niliita. "Umezima za kulia?"

Nyota ziliendelea kupanda.

Sikutaka kumvurugia, kwa hiyo nikapita kando ya njia, ndani ya michai, sketi ikiloa umande. Kulikuwa na harufu pale. Kama manyoya ya kuku yaliyobabuliwa kwa moto kisha yakaachwa kwenye maji. Nikafikiri mbwa wameacha mzoga mahali.

Nyota ya mwisho iliwaka karibu kabisa na ngazi za veranda. Ikazima. Na mimi nikatokea nyuma yake, nikihema.

Jackton alikuwa ameketi verandani na kikombe cha chai mkononi. Mzee Robert alikuwa kando yake. Nyuma yao, kwenye kiti cha kamba, fimbo yake ikiwa imeegemezwa ukutani, alikuwa Kogo. Ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake Mzee Robert, mzee sana, mwembamba kama ufito, akili yake kamili. Mapajani alikuwa amempakata Cheptoo, mtoto wa binti yake Robert, ambaye mama yake alikuwa na kazi Nakuru.

"Nani alikuwa njiani?" niliuliza.

"Wewe," Jackton akasema. "Si tumekuwa tukikuangalia ukipanda?"

"Mimi nimepita kwenye michai."

Jackton aliweka kikombe chini. Kisha Cheptoo akauliza, kwa ile sauti ya mtoto anayetaka tu kujua:

"Anti, mbona ulikuwa unaruka kwa mguu mmoja?"

Mzee Robert alicheka kidogo. Jackton akasema ni unyevu, vikanyagio vya kulia vimeingia maji na vya kushoto vinajiwasha vyenyewe. Ilikuwa maelezo mazuri. Nilishuka ngazi nikakanyaga kikanyagio cha kulia kilichokuwa karibu.

*Tii.* Nyota ikawaka, safi.

Nikakanyaga kingine. *Tii.* Na kingine. Vyote vilikuwa vizima.

"Labda sasa vimekauka," Jackton alisema, lakini hakunitazama.

Wakati huo Kogo akainua kidole chake kirefu akaonyesha bondeni.

"Na ile taa nyekundu mmeweka ya nini?"

Tukageuka sote. Chini kabisa, pale msitu wa kijito unapoanza, kulikuwa na taa. Ndogo. Nyekundu kama kaa la moto. Haikutulia. Ilikuwa inafunguka na kufumbika, inafunguka na kufumbika, polepole, kama inapumua.

"Hatukuweka nyekundu, Kogo," nikasema.

"Basi kuna mtu ameweka."

"Ni pikipiki ya mtu," Mzee Robert akasema. "Imesimama barabarani."

"Barabara haipiti hapo, Robert. Wewe umezaliwa hapa. Barabara inapita hapo?"

Kogo alimvuta Cheptoo karibu na kifua chake, akamfunika kwa leso. Akaongea kwa sauti ya chini, akitazama chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na walio mbali.

"Sisi tukiwa watoto tulikatazwa kwenda kwenye ngoma kama hatumjui mpigaji. Unasikia wimbo mzuri msituni, unaona taa, unafikiri watu wanacheza. Unaenda. Kumbe ni yeye peke yake. Ana mguu mmoja, na fimbo ya kutembelea. Mdomo wake ndio unawaka. Anaita watoto na wimbo."

"Mama," Mzee Robert akasema.

"Chemosit," Kogo akanong'ona, haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Mama, tafadhali. Huyu mtoto hatalala. Na kesho watoto zaidi ya mia wanakuja hapa. Mchungaji anakuja. Hizo ni hadithi za kutisha watoto wasitoroke."

"Ndiyo. Za watoto wasitoroke." Kogo akamtazama mwanawe. "Na nyinyi mmetandika njia ya taa na wimbo kutoka kwake mpaka kwangu."

Mimi ni Mjaluo. Mambo ya chemosit, zimwi la Wakipsigis, niliyasikia shuleni, wenzangu wakitishana. Nilitaka kucheka pamoja na Mzee Robert. Lakini ile harufu ya manyoya ilikuwa imetufikia verandani, na Jackton, ambaye haamini hata kidogo mambo ya chemosit, alikuwa amefunika pua.

Kisha spika zikaanza kuimba.

Hakuna nyota iliyowaka. Hakuna kikanyagio kilichokanyagwa. Ilikuwa sauti ya mtu, nyembamba, mbali, na wimbo haukuwa wetu. Ulikuwa na maneno machache sana yakizunguka, na katikati yake nilisikia neno moja ninalolijua, neno ambalo mtu yeyote aliyekulia Kericho analijua.

*Nyon…*

Njoo.

*Nyon… nyon…*

Jackton aliruka kwenye kompyuta. Akapunguza sauti. Wimbo haukupungua. Akapunguza mpaka mwisho kabisa. Wimbo ulibaki palepale. Nikapiga magoti nikang'oa waya wa spika, nikaushika mkononi, kichwa chake cha chuma kikining'inia hewani.

*Nyon…*

"Haitoki kwenye spika," Jackton akasema. "Sista, haitoki kwa spika zetu."

"Ingieni ndani," Kogo akaamuru. Alijaribu kusimama. "Robert, nishike. Fungeni milango. Mtoto aingie kwanza."

Mzee Robert akamshika mkono. Walikuwa wakibishana kwa Kikipsigis, yeye akisema labda ni redio ya mtu ng'ambo, mama akimwambia nisichokielewa. Mimi nilikuwa bado na ule waya mkononi. Nafikiri kila mmoja wetu alidhani mtoto yuko na mwingine.

*Tii.*

Nikainua kichwa.

*Duu. Tii. Duu.*

Waya niliong'oa ulikuwa wa spika za verandani tu. Spika ndogo za njiani, zile tulizozificha kwenye michai, zilikuwa na waya wake. Na zilikuwa zinaimba. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nyota ziliwaka moja baada ya nyingine, zikiteremka. Hatua fupi, za haraka. Wimbo wetu wa Krismasi ulikuwa unatoka kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu aliyekuwa akiukanyaga alikuwa anashuka.

Leso ya Kogo ilikuwa imeanguka sakafuni. Haikuwa na mtu ndani yake.

"Cheptoo!" Mzee Robert akapiga kelele.

Na kutoka chini, kijitoni…

*Duu.*

Nyota ya kwanza ya kushoto.

*Duu.*

Ya kushoto tena. Inayofuata ikarukwa.

Nyota za hatua ndogo zilikuwa zinashuka. Nyota za mguu mmoja zilikuwa zinapanda. Na katikati yao giza, giza ambalo lilikuwa linapungua.

"Zimeni!" Kogo alilia. "Zimeni taa! Anaifuata njia yenu!"

Jackton akakimbilia jenereta.

"Usizime!" nikamwambia. "Jackton, usizime, sitamwona mtoto!"

Nikakimbia. Sijui kama nilikuwa jasiri. Nilikuwa tu karibu na ngazi kuliko wengine. Nilipita katikati ya njia, miguu yangu ikiangukia popote, na kila nilipokanyaga nyota ziliwaka na sauti zikapasuka, nzito na nyembamba pamoja, kama watoto wanaogonga vyuma. Sikuweza tena kutofautisha hatua zangu na za mtoto. Niliendelea kuita jina lake. Viatu viliniteleza, nikaanguka kwa goti, nikainuka.

Nikamwona. Gauni lake la njano. Alikuwa anatembea vizuri, bila haraka, mikono ikicheza kando yake, kama mtoto anayetumwa dukani.

Mbele yake nyota ya kushoto ikawaka.

Kisha ile iliyo karibu zaidi.

Nikamrukia. Nikamkumbata kwa nyuma, nikamwinua juu, na miguu yake ikaendelea kutembea hewani.

"Niache, Anti," akasema. Hakuwa akilia. "Niache. Ananingoja."

Hatua mbili tu mbele yetu, nyota ilikuwa inawaka. Chini yake hapakuwa na mtu. Niliangalia. Ninawaambia niliangalia vizuri, mwanga ulikuwa wa kutosha. Hapakuwa na mtu. Lakini kikanyagio kilikuwa kimezama. Mpira ulikuwa umebonyea ndani ya udongo, umebonyezwa na kitu kizito, na haukuinuka.

Ndipo Jackton akazima jenereta.

Giza likaja lote kwa pamoja.

Na katika giza lile niliweza kuiona. Taa nyekundu haikuwa tena kijitoni. Ilikuwa juu yangu, usawa wa uso wa mtu mrefu sana, karibu kiasi cha kuhisi joto lake kwenye paji la uso. Ikafunguka. Ndani yake kulikuwa kwekundu na kumelowa. Wimbo ukatoka. Na sauti ile… Mungu anisamehe, sauti ile haikuwa ya jitu. Ilikuwa ya msichana mdogo.

*Nyon… nyon…*

Cheptoo akaanza kuitikia. Nikahisi kifua chake kikitetemeka kwenye mkono wangu.

"Asikanyage!" Kogo aliita kutoka juu. "Mbebe! Na wewe usisogee! Usipige hatua!"

Nikasimama. Goti lilikuwa linavuja damu ndani ya soksi. Nilisikia kitu kikinizunguka. Kishindo. Kisha mlio mdogo wa kugonga, kama fimbo ikigusa udongo. Kishindo. Fimbo. Kishindo. Fimbo. Kilikuwa nyuma yangu. Kikawa upande wa kulia. Harufu ilinijaa kooni hadi machozi yakatoka. Mtoto alikuwa mzito, na alikuwa anazidi kuwa mzito, akilalia upande wa ile taa jinsi jani linavyolalia jua. Mikono yangu ilianza kufa ganzi.

Nikafikiri, nitamwangusha.

Nikafikiri, akishusha mguu mmoja tu.

Halafu nikasikia fimbo nyingine. Hii nilikuwa naijua. Kogo alikuwa anashuka. Bila tochi, bila mtu wa kumshika, yule ajuza aliyehitaji msaada kusimama kutoka kwenye kiti alikuwa anateremka mlima ule gizani, akikohoa. Akapita karibu nami. Leso yake ikanigusa mkono. Akasimama kati yetu na ile taa.

Nilidhani ataomba. Nilidhani atalaani. Akaita jina.

"Chepkirui."

Wimbo ukakatika.

"Chepkirui," akasema tena, na sasa sauti yake haikuwa ya mtu mzee. Akaongea kwa Kikipsigis, maneno mengi, ya taratibu, mara anakaripia, mara anabembeleza. Nilielewa machache. Nilisikia neno la ndama. Nilisikia neno la mama. Kisha akaanza kuimba, ule ule wimbo, lakini yeye aliimba sehemu ambayo haikuwa imeimbwa. Sehemu ya pili. Yale majibu.

Taa nyekundu ikafunguka kidogo. Ikafumbika.

Kishindo. Fimbo. Kishindo. Fimbo. Kikaenda kikipungua, kuelekea majini. Baadaye nilisikia kijito peke yake.

Cheptoo akashtuka mikononi mwangu na kuanza kulia kwa nguvu, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamshwa usingizini. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Tulikaa jikoni sote, mlango umefungwa kwa komeo na kwa meza. Mzee Robert alimshikilia mjukuu wake bila kumwachia hata kwenda kunawa uso. Kogo aliomba maji ya moto. Akanywa. Kisha akatueleza, akinitazama mimi, si mwanawe.

Alikuwa na dada mdogo. Walikuwa wakichunga ndama pamoja pale kijitoni, kabla ya michai, msitu ukiwa mkubwa. Walikuwa na wimbo wao wa kuitana wakipotezana kwenye miti. Mmoja anasema njoo, mwingine anajibu niko hapa. Jioni moja Chepkirui aliona taa akaifuata. Kogo alimsikia akiimba njoo, njoo. Hakujibu. Aliogopa, akakimbia nyumbani na ndama.

"Watu walisema ni mto ulimchukua," Kogo akasema. "Mto ule. Umeuona. Hata magotini haunifiki."

Mzee Robert alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyemwona leo mara ya kwanza.

"Hujawahi kuniambia, Mama."

"Ningekuambia nini? Kwamba aliniita nikanyamaza?"

Asubuhi tulishuka, mimi, Jackton na Mzee Robert. Umande ulikuwa unang'aa, wachumaji walikuwa wakiongea ng'ambo, ndege walikuwa wakipiga kelele. Kila kitu kilikuwa cha kawaida mpaka unapotazama chini. Vikanyagio vya kushoto vilikuwa vimezama kwenye udongo, kutoka kijitoni mpaka ngazi za nyumba. Vya kulia vilikuwa juu, safi. Na kando ya kila cha kulia kulikuwa na tundu la mviringo, la kina, linalotosha fimbo nene.

Mzee Robert alilifukia moja kwa kiatu.

"Ni mvua," akasema.

Mvua haikuwa imenyesha.

Jackton ana maelezo yake mpaka leo. Anasema kuna mwanamume mmoja anayechoma makaa upande ule, ana mguu mmoja na gongo la kutembelea, na jioni hujifunga taa nyekundu ya baiskeli kifuani asigongwe na magari. Nimeuliza Roret. Ni kweli, mtu huyo yupo. Labda alivutiwa na taa akaja kucheza, akatuogopa, akajificha. Labda alikuwa amelewa akiimba. Ningependa sana awe yeye. Nimejaribu kuamini ni yeye. Lakini mtu wa gongo ana kifua, na kifua kina mwili nyuma yake. Mimi nilikuwa pale.

Mzee Robert aling'oa nyota zote kwa mikono yake mwenyewe. Alimpigia mchungaji simu akasema mitambo imeharibika. Watoto wengi walikuja hata hivyo, wamevaa nguo za Krismasi. Tukawawashia taa kanisani, mchana kweupe, bila muziki. Wengine walilia. Mzazi mmoja aliniambia usoni kwamba tumewadanganya watoto.

Kabla sijaondoka nilienda kumuaga Kogo. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, akitazama bondeni.

"Asante kwa mtoto," akasema. Kisha, bila kunigeukia, "Alikuwa amefika karibu sana, ee? Ningenyoosha mkono ningemshika."

Nilidhani anamzungumzia Cheptoo.

Januari Mzee Robert alinipigia. Cheptoo alikuwa amepelekwa kwa mama yake Nakuru, alikuwa mzima, ameanza shule. Nikashukuru Mungu. Lakini hakuwa amepiga kwa sababu ya Cheptoo. Alikohoa, akazunguka, akauliza habari za kazi. Mwishowe akasema mama yake, Kogo, hali chakula vizuri. Kila jua likizama anaomba nyota zirudishwe. Si zote. Zile za chini tu.

"Usikubali, Mzee," nikamwambia.

"Sijakubali. Nimeweka kufuli mlangoni kwake." Nikasikia aibu yake kwenye simu, aibu ya mwana anayemfungia mama yake. "Nafanyaje, Amondi? Nimwache aende?"

Wiki iliyopita alipiga tena, giza likiwa linaingia. Nilikuwa Kericho, napakia spika kwenye gari. Alikuwa ananong'ona.

"Anaimba humo ndani. Kila jioni. Anaimba kidogo, halafu ananyamaza, kama mtu anayempa mwingine nafasi."

"Na… kuna mtu anayejibu?"

"Mwanzo ilikuwa mbali. Nilisema ni mwangwi wa bonde. Leo imetoka nyuma ya jikoni. Ngoja. Ngoja nisogeze simu dirishani, usikie wewe mwenyewe, uniambie kama nimeanza kuchanganyikiwa."

"Mzee, usi…"

Alikuwa ameshasogeza. Nilisikia ng'ombe. Nilisikia mabati yakipoa na kulia. Kisha nikamsikia Kogo nyuma ya ukuta, sauti yake nyembamba, tulivu, ikiimba. Haikuwa sehemu ya majibu. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa akiita.

*Nyon… nyon…*

Akanyamaza.

Nilikata simu kabla kimya kile hakijaisha.